Vunja Nyumba

Kuna watu ambao kitu kikipasuka mikononi mwao husema alhamdulillahi, kisha huyo dukani. Timiro hakuwa mmoja wao. Mtungi wa plastiki ukipasuka kitako, alipasha kisu moto, akakata kipande cha ndara iliyokufa na kukiyeyushia juu ya ufa mpaka maji yakasahau njia ya kutokea. Bakuli la mbao likifanya ufa, alilitoboa vitundu pande mbili akalishona kwa ugwe, kama mtu anayeshona kiatu. Katika miezi aliyokaa Garissa akiwa na mguu ndani ya plasta, sufuria, vibuyu na vikapu vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, na vyote vikarudi kazini.

Bishara, binamu yake aliyempa chumba, alikuwa akiuza vyombo vya plastiki sokoni. Alimtazama Timiro kama mtu anayefuga panya ghalani mwake.

"Wewe utanifungia duka," alimwambia. "Watu wamekuja kununua beseni, wamekukuta mlangoni, wamerudi kwao kuchukua lile bovu."

"Lile bovu wanalijua," Timiro alijibu. "Lako hawalijui."

Ngamia ndiye aliyemvunja paja. Ilikuwa Julai ya mwaka wa tisini na saba, katika kupakia mzigo, mnyama akashtuka akamlalia. Mumewe Korane alimsindikiza hadi hospitalini, akakaa siku tatu, akasema ngamia hawana mchungaji, akaondoka. Timiro hakumlaumu. Alikuwa ameishi naye miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo hakuwahi kumwona akikaa chini ya bati siku nne.

Kilichomkosesha usingizi hakikuwa mume bali nyumba. Na hapa lazima nieleze, maana msomaji aliyezaliwa ndani ya kuta za mawe anaweza kucheka. Nyumba ya Timiro ilikuwa ya fito na mikeka. Fito zilikuwa mizizi ya mgunga iliyopindwa kwa moto, ikasimamishwa kama mbavu, ikafungwa kwa kamba na kufunikwa mikeka. Malisho yakiisha, nyumba yote hufunguliwa, hulazwa juu ya ngamia mmoja, na jioni husimama kwingine. Nyumba hiyo ni ya mwanamke. Hupewa na mama yake, kama mama yake alivyopewa na wake, na mwanamume hana hata kamba moja ndani yake. Yeye huingia tu. Hata harusi kwa Kisomali huitwa hivyo, kuingia nyumba.

Fito za Timiro zilikuwa za bibi yake. Alizijua kwa majeraha yake. Hii ilivunjika katika kuvuka lagha, yaani mto wa mchanga, mwaka wa ukame mkubwa. Hii aliiuma fisi usiku mmoja akidhani ni mfupa. Ile ndefu ya katikati ilipasuka mkononi mwa mama yake mwenyewe, akalia kama aliyefiwa. Kila ufa Timiro aliuzungushia ngozi mbichi ya ngamia iliyolowekwa, akaikaza kwa meno na vidole, akaiacha juani. Ngozi ikikauka hubana kuliko chuma. Mahali palipofungwa hivyo hapavunjiki tena, pembeni yake ndipo huvunjika. Kwa hiyo kila miaka michache kulikuwa na jeraha jipya jirani na la kale, na sasa fito tatu zilikuwa zikilia upepo ukivuma.

Alitaka kuzitengeneza zote safari hii, kwa utulivu, bila ngamia kusubiri nje. Na sababu yake ilikuwa na jina: Sirad.

Mungu hakumpa Timiro mtoto. Sirad alikuwa binti wa dada yake mkubwa, Maka, mwenye hoteli ya chai pale njia panda ya Modogashe. Maka alitoroka na utingo wa lori akiwa msichana, na mama yao, kwa hasira, akampa sufuria badala ya nyumba. Utingo alipofariki, hoteli ikawa ndogo na midomo mingi, na Maka akamleta Sirad kwa dada yake akiwa na miaka tisa. Akakaa saba. Mtoto yule alilala chini ya zile fito, akajifunza kuloweka ngozi, kusuka kamba, kufunga fundo. Fundo la Timiro halikuwa la kila mtu: kamba huzunguka kidole gumba mara mbili, kisha ncha yake hufichwa chini ya mzunguko, isionekane ilikoishia. Alimfundisha Sirad peke yake. Kila masika na kila kiangazi wawili hao walivunja nyumba pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, mikono ikikutana juu, na walikuwa hawahitaji kusemezana.

Miaka miwili iliyopita Maka alimtaka binti yake arudi kuhudumia wateja. Timiro alimrudisha, akalia siku saba, akanyamaza. Sasa Sirad alikuwa na miaka kumi na minane, na uvumi ulikuwa kwamba mwenye duka mmoja wa Habaswein, mzee wa meno ya dhahabu, amepeleka salamu. Aolewe na huyo au na mwingine, Timiro alisema moyoni, ataingia katika nyumba ya bibi yake. Nitaitengeneza fito kwa fito, nishone mkeka mpya wa mlangoni, nimpelekee. Zawadi kama hiyo haitangazwi, kwa hiyo alimwambia Bishara tu.

"Asije akakuambia anataka ya mabati," Bishara alisema.

"Huyu? Huyu ukimpa bati atakuuliza linapinda vipi."

Mwezi wa kumi plasta ilitolewa. Timiro akachechemea kwa fimbo hadi mahali malori yanaposubiri kusindikizwa na polisi, akamtafuta Kiema, dereva Mkamba aliyekuwa akipeleka sukari Habaswein kila wiki na kunywa chai kwa Maka. Kiema hakujua Kisomali zaidi ya salamu. Timiro alijua Kiswahili cha kuuzia maziwa, akakitumia chote.

"Kiema, ambia Maka funja nyumba. Nyumba yangu yote funja, pakia kwa lori, leta hapa. Fito imechoka. Mimi nataka tengeneza."

Nyumba ilikuwa imesimama kambini kwa Korane, nusu siku kwa miguu kutoka Modogashe, lakini Maka alikuwa na punda na alijua njia.

Kiema akacheka. "Mama, kwetu mwanamke akisema anavunja nyumba, wazee huitwa haraka wamtulize."

Timiro naye akacheka, kwa kuwa alielewa. Kisomali nacho kina mtego huo. Neno *fur* ni kufungua, kamba au mzigo au nyumba. Na neno hilohilo ndilo la talaka. Lakini mfugaji hachanganyi. Mwenye ngamia akisikia fungua nyumba, anaangalia mawingu, hamwangalii kadhi.

Lori likaondoka. Na wiki hiyohiyo mvua ikashuka, ile ambayo redio iliipa jina la kigeni. Mto Tana ukatoka kitandani mwake ukaingia mashambani. Barabara zikawa mito na mito ikawa bahari, mbuzi wakafa kwa homa, na kwa miezi minne hapakuwa na lori lililokwenda Modogashe wala lililotoka. Timiro alikaa chini ya bati la Bishara lililopiga kelele usiku na mchana, akishona mkeka wa mlango kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kwa nyuzi za mkonge wa porini na nyuzi nyekundu za magunia. Ramadhani ikaingia ikatoka. Hakuna barua wala mjumbe. Alijipoza kwamba barabara haipitiki hata kwa bata.

Machi, ardhi ilipokauka, Kiema akarudi njiani. Timiro alikuwa wa kwanza kupanda, mkeka umekunjwa chini ya kwapa.

"Ujumbe nilifikisha siku ileile," Kiema alimwambia wakiwa njiani. "Lakini nilipogeuza kesho yake niliambiwa hakuna mzigo. Nikapakia mbuzi nikapitia Isiolo. Baadaye ndiyo mvua hiyo."

"Aliona mawingu," Timiro akasema. "Maka ana akili. Fito ikilowa ndani ya lori inaharibika."

Alimshukuru dada yake kwa akili hiyo. Aliendelea kumshukuru maili baada ya maili.

Walifika Modogashe baada ya adhuhuri. Kiema na utingo wake wakaingia hotelini kula. Timiro akateremka kwa taabu, akazunguka nyuma ya hoteli kumtafuta dada yake jikoni, na hapo, ng'ambo ya ua wa miiba, akaiona nyumba yake.

Imesimama wima, imara, mikeka imefungwa vizuri, upande wa mlango ukitazama magharibi kama inavyotakiwa. Timiro alisimama akiishika fimbo kwa mikono miwili. Wamenijengea, alisema moyoni. Wamesikia nimepona, wameitoa kule kambini, wakanijengea hapa nisitembee. Machozi yakamtoka kabla hajaamua kama anataka kulia. Akaenda, akapenyeza mkono chini ya mkeka, akaigusa fito ya pembeni, akapapasa ngozi yake, lile jeraha la fisi. Akashika kamba. Fundo lilizunguka mara mbili, ncha imefichwa. Akacheka peke yake. Huyu mtoto, akasema, hajasahau hata kidogo.

Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume vya machungani, alivyovijua, na fimbo ya Korane imeegemezwa. Hilo nalo likamfurahisha: hata yeye yupo. Akainama, akaingia.

Sirad alikuwa amekaa kitandani akisuka kamba. Kichwani alikuwa amejifunga shashi nyeusi, kitambaa cha wanawake walioolewa.

"Habaryar," alisema Sirad akiinuka, yaani mama mdogo, kama alivyomwita siku zote.

"Umeolewa?" Timiro akasema. "Na hamkuniambia? Na nani?"

Sirad aliangalia mlangoni, kwenye vile viatu.

Naomba msomaji asimharakishe Timiro. Kuna mambo ambayo akili huyaona ikayakataa, ikayarudisha nje yabishe hodi tena. Alitazama viatu, akatazama shashi, akarudi kwenye viatu.

"Huyo ni mume wangu," akasema.

"Ulisema ufunguliwe," Sirad akasema kwa sauti ndogo. "Alikufungua. Eda iliisha kabla ya Ramadhani kwisha. Tumeoana baada ya Idi."

Timiro alikaa chini, fimbo mapajani. Basi eda yake ilikuwa imekwisha naye hakujua. Alikuwa ameikaa chini ya bati la Bishara, akishona mkeka, akidhani anasubiri barabara ikauke. Na sasa alielewa kwa nini hawakuridhika na kumwongezea mke mwenzake, kama wanaume wanavyofanya bila kuvunja sheria yoyote: dini haimruhusu mwanamume kuwaweka pamoja mwanamke na binti wa dada yake. Ili Sirad aingie, ilibidi Timiro atolewe kabisa.

"Na nyumba?" akauliza. "Nyumba imefikaje hapa?"

"Wewe ndiye uliyeomba kuachwa. Mwanamke akiomba, anatoa kitu. Mama alisema umetoa nyumba."

Maka alikuwa ameshafika mlangoni, mikono ina unga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hawakusema kwamba kinaweza kuwa kimenyonya ziwa moja na wewe. Timiro alimtazama dada yake, na hasira aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba sauti yake ikatoka ya upole.

"Abaayo, dada yangu, ni lini nilikuambia nimetoa nyumba ya mama?"

"Ujumbe ulikuja," Maka akasema. "Usinikazie macho. Ulisema nyumba ivunjwe. Nikamwambia Korane, Korane akaenda kwa Maalim. Mimi nimekosa nini? Nawe ulikuwa umelala Garissa na mguu wa plasta, watu wakisema hutatembea tena. Mwanamume akae na nani?"

"Ulinielewa hivyo?"

"Nilielewa nilivyoambiwa. Na hata hivyo," Maka akaongeza, na hapo kidonda cha miaka thelathini kikafumuka, "mama alikupa wewe nyumba, mimi akanipa sufuria. Binti yangu kuingia humu ni dhambi?"

Timiro alisimama akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Maalim Yarow, mfungishaji ndoa na msikilizaji wa kesi za talaka, fimbo ikichimba mchanga, na nusu ya Modogashe, Maka mbele, ikamfuata kwa umbali wa heshima.

Maalim alikuwa mtu mzima mwenye kifua kibovu. Alimwita Korane kutoka sokoni, akawakalisha kibarazani. Korane alikuwa amepaka hina ndevu. Aliketi akivitazama vidole vyake vya miguu.

"Alisema afunguliwe," Korane akasema alipoulizwa. "Mimi sikumfukuza."

"Korane," Timiro akasema, "katika miaka ishirini na mbili, ni mara ngapi nimekuambia tuvunje nyumba? Kila masika nimekuambia. Kila kiangazi nimekuambia. Ulinipa talaka ngapi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka akageuza kicheko kuwa kikohozi. Korane hakuinua kichwa. Alikuwa amesikia maneno yale mara arobaini na zaidi maishani mwake, na kila mara alikwenda kumleta ngamia. Safari ya arobaini na kitu alikwenda kwa Maalim. Timiro aliona kwamba mtu huyu hakukosea hata chembe, ila alilipenda kosa alilopewa akalishika kwa mikono miwili. Na hilo lilimuuma, lakini halikumshangaza. Wanaume wenye ngamia wengi na mke mgonjwa hufanya hivyo, na dunia haijapinduka.

Maalim akataka kumsikia aliyebeba ujumbe. Kiema akaletwa, bado akitafuna. Akavua kofia.

"Nilisema nilichoambiwa," akaeleza. "Mama Timiro amesema vunja nyumba yote, ipakiwe kwa lori langu, ipelekwe Garissa. Fito imechoka, anataka kuitengeneza. Hivyo hivyo. Kama nilikosea Mungu anione."

"Kuitengeneza?" Maalim akauliza. "Ulilisema neno hilo?"

"Nililisema. Na la lori."

Maka alishtuka. Timiro alimwona. Alikuwa amemtazama usoni kwa saa nzima akitafuta uongo, na sasa uso ule ulikuwa wazi kama wa mtu aliyeibiwa.

"Mimi sikuambiwa habari za lori," Maka akasema polepole.

"Wewe hukuwepo, mama," Kiema akasema. "Ulikuwa umekwenda kusaga mahindi. Nilimwambia msichana. Kesho yake nilipopiga honi ni yeye aliyetoka akaniambia hakuna mzigo."

Watu wote wakageuka. Sirad alikuwa amesimama pembeni kabisa ya kibaraza, shashi imeshuka hadi kwenye nyusi.

Sirad aliyeanza kusema hotelini, katikati ya Kiswahili cha madereva, akikijua kuliko mtu yeyote pale. Sirad aliyeivunja nyumba ile kwa mikono yake masika saba na viangazi saba. Katika Modogashe yote hapakuwa na masikio mawili ambayo yangeweza kuuelewa ujumbe ule sawasawa kuliko yake, na ndiyo yaliyoupokea.

Maalim alitaka kusema, Timiro akainua mkono.

"Ulisikia nini?" akamuuliza.

"Nilisikia alivyosema."

"Ukaelewa nini?"

Sirad, kwa kuwa alilelewa na Timiro na Timiro hakumfundisha kusema uongo uso kwa uso, akasema, "Nilielewa, habaryar. Nilielewa yote."

"Ukamwambia mama yako nini?"

"Kwamba umesema nyumba ifunguliwe, basi. Lori sikulitaja, wala kutengeneza."

"Ulimtaka Korane kiasi hicho?"

Sirad aliinua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Simtaki Korane. Nani alisema namtaka? Wangenipeleka Habaswein kwa yule mzee, nikae nyuma ya duka lake la saruji. Nilitaka nyumba. Tangu nikiwa mdogo nimeitaka. Wewe ulikuwa unaipeleka mjini, ungeweka kwa Bishara, ingekaa nyuma ya nyumba ikaliwa na mchwa. Na nyumba ile ina mwanamume mmoja tu anayeingia ndani yake, lazima ningemchukua pamoja nayo. Ningefanyaje?"

Korane, maskini, alitazama juu kwa mara ya kwanza, akatazama chini tena.

Timiro angeweza kuvumilia kusalitiwa na mume. Na dada angeweza kumchukia kwa raha zake mpaka siku ya kufa. Lakini huyu alikuwa amemlea. Akaufungua mkeka aliokuwa bado ameushika chini ya kwapa, akautandaza sakafuni, mchoro mwekundu juu.

"Huu ni wa mlango," akasema. "Nimeushona miezi minne. Nyumba nilikuwa naipeleka Garissa niifunge ngozi mpya, kisha niirudishe kwako siku ya harusi yako. Hata ungeolewa na huyo wa Habaswein. Ilikuwa yako."

Sirad aliutazama mkeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa zawadi."

Maalim akakohoa kwa muda mrefu, akafuta midomo, akasema hukumu yake. Talaka Korane aliitamka kwa ulimi wake mwenyewe, imepita, na ndoa ya msichana imefungwa baada ya eda, imesimama. Lakini fidia hakuna, kwa kuwa mwanamke hakuomba chochote. Nyumba ni ya Timiro, leo hii, na anayo haki ya kuiacha au kuichukua. Akaongeza kwa upole kwamba kuiacha kuna thawabu.

"Thawabu na waichukue wengine," Timiro akasema. "Kiema, unaondoka saa ngapi?"

"Nikishamaliza Habaswein. Kesho. Lakini nitakungoja, mama. Habaswein itasubiri."

Timiro alirudi nyuma ya hoteli. Hakuna aliyemzuia. Akaanza na mikeka, akaifungua mmoja mmoja kutoka upande wa mlango, akaishusha na kuikunja. Ndani vikaonekana kitanda, sanduku la bati la bibi harusi, shuka mpya ya maua, mambo ya watu, sasa yako juani. Akaviacha. Akaanza kamba za juu. Mguu ulimuuma hadi kwenye meno.

Mafundo yalikuwa yamefungwa vizuri mno. Ilimbidi atafute kila ncha pale ilipofichwa, kwa ukucha, na kila alipoipata ilikuwa palepale ambapo yeye mwenyewe angeificha.

Hakumsikia Sirad akija. Aliona mikono tu, ng'ambo ya pili ya fito ya katikati, ikipanda juu kukutana na yake, kama ilivyokuwa ikipanda tangu mtoto yule alipokuwa anasimama juu ya debe ili afike. Msichana alikuwa analia na hakujifuta. Vidole vyake vilikuwa vimeshaikamata kamba vyenyewe.

"Ondoa mkono," Timiro akasema.

"Habaryar, peke yako hutaweza. Ile ndefu itaanguka, itavunjika."

"Ondoa mkono wako kwenye nyumba yangu."

Sirad akauondoa. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama karibu na sanduku lake. Timiro akaikumbatia ile fito ndefu kwa bega na shingo, akafungua fundo la mwisho kwa mkono mmoja. Ilimwangukia yote kwa uzito wake, ikampiga begani, nayo ikapasuka mahali papya. Akailaza chini pamoja na nyingine, akaendelea na iliyofuata.